Glasi Moja, Siku ya Mungu

Lundi, tarehe 7 mwezi wa tatu, 1977

Papa alianguka na baiskeli karibu na Mudaka. Mfupa wa paja umevunjika. Mimi ndiye garde-malade wake hapa hospitali: napika nje, nafua, nalala kwenye mkeka chini ya kitanda.

Leo balaa. Docteur anajua Kifaransa tu, Papa hajui hata neno. Infirmier Bulonza, muuguzi anayetafsiri siku zote, alikuwa ameitwa kwingine. Docteur akaona uniforme yangu ya shule, akaniambia nitafsiri. Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina naitika kwa kidole. Aliuliza kama Papa anakunywa pombe. Papa akaninong'oneza bila haya: mwambie kasiksi asubuhi, kanyanga magaribi, kila siku, tangu mbele uzaliwe, mama.

Lakini kitanda cha pembeni analala muzee Aloys, katekista wetu, na anayemlinda ni mjukuu wake Marie-Louise, wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Masikio yake yalikuwa wima. Na Papa ndiye anabeba msalaba kwenye maandamano yote ya parokia.

Nikatafsiri: glasi moja, siku ya Mungu, baada ya misa. Docteur akaandika. Marie-Louise akasema papa yangu ni mutakatifu. Nilijiona mjanja.

Mercredi, tarehe 9

Papa anatetemeka. Jasho, mpaka shuka imelowa. Docteur anasema malaria, maana kwa mtu wa glasi moja itakuwa nini tena? Akampa dawa ya kinini. Najua si malaria: tangu aanguke hajaonja tone.

Mpango: nilipita nyumbani Nyalukemba, nikamwaga kanyanga kidogo ndani ya thermos ya chai. Papa akashindwa kushika kikombe. Wakati natafuta kijiko, muzee Aloys, ambaye huonja kila kitu cha jirani, alimaliza thermos. Akaimba litania ya watakatifu wote, akaongeza na wa Mwenga ambao Roma haiwajui. Marie-Louise akalia kwamba homa imempanda babu. Sasa wanameza kinini wawili.

Jeudi, tarehe 10

Papa hanijui. Anafukuza mbuzi juu ya kitanda. Hakuna mbuzi. Ameniita kwa jina la marehemu mama yake, akaniomba nifunge mlango wasiingie wengine. Bulonza amemfunga mikono kwa bandeji. Docteur anasema akiendelea hivi moyo utachoka.

Namuua baba yangu kwa Kifaransa.

Nimeandika ukweli wote kwenye karatasi ya daftari, accents zote juu ya herufi zake, nikamsukumia Bulonza, nikakimbia nyuma ya shuka zilizoanikwa. Alinifuata huko. Hakunifokea. Alisema anayeuliza mambo ya pombe hapa hatafuti dhambi, hiyo ni kazi ya padri. Mtu wa kunywa kila siku akikatishwa ghafla, mwili unafanya fujo hivyo, na dawa yake iko. Ilikuwa kabatini tangu lundi. Nimelia ndani ya shuka ya watu.

Dimanche, tarehe 13

Kwa dawa ile Papa amelala siku mbili. Asubuhi aliniita kwa jina langu, akaomba uji. Bulonza anasema akipata nguvu watazungumza naye polepole juu ya kuacha, na mimi nikitumwa tena kutafsiri, nitoe neno kwa neno, bila kupamba. Nimeapa mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na Bulonza shahidi.

Mardi, tarehe 15

Kesho wanamlaza Papa usingizi, wamtie chuma mguuni. Bulonza yuko congé, anapumzika kwake. Docteur akaniita nitafsiri. Alisema ni lazima ajue, kwa sababu ya mapafu na ile dawa ya usingizi: Papa anavuta tumbaku?

Papa akaninong'oneza: kiko changu, tangu nikiwa mchunga mbuzi, asubuhi mpaka kulala.

Marie-Louise akaacha kumenya viazi.

Nikasema: jamais, hata siku moja, docteur.

Akaandika. Marie-Louise akamwambia babu yake kwamba mutu kama huyu hapatikani tena. Papa akanishukuru kwa kutafsiri vizuri, kisha akaanza kukohoa, akakohoa mpaka kitanda kikalia. Docteur akageuka, akaniangalia.

Nikatafsiri: vumbi.