Wanaume Wanne wa Isinya

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Lorna ametuita Kitengela, mimi na Nzuki, wahudumu wa afya ya jamii. Maabara yake inajaribu kipimo kipya cha saratani ya tezi dume. Ni kadi ndogo ya karatasi yenye chembe za dhahabu ndogo mno, macho hayazioni. Tone la damu likiwa na dalili za seli za saratani, zinanaswa hapo, hata kabla mtu hajahisi chochote. Kila mmoja wetu alete damu ya wanaume kumi kufikia Alhamisi. Atakayefanya vizuri atakuwa mratibu wa Kajiado nzima. Nzuki tayari anatembea kama mratibu. Inaudhi.

Jumatano, 5 Machi
Siku nzima soko la mifugo, Isinya. Sita tu! Mzee Koinet alinisikiliza kwa heshima, akauliza kama hiyo dhahabu itabaki kwake. Nikasema hapana. Akarudi kwa mbuzi wake. Wengine waliposikia tezi dume, wakakumbuka shughuli. Nzuki akapiga simu kunijulisha amefikisha kumi. Sikuwa nimemuuliza.
Nikaenda nyuma ya choo cha soko, nikajidunga vidole vinne. Kadi nne, majina manne ya kubuni. Ni utafiti tu. Nani ataumia?

Jumatatu, 10 Machi
Daktari Lorna amepiga simu, sauti iko chini. Kati ya watu wangu kumi, wanne wako na dalili, tena viwango vyao vinafanana ajabu. Waende hospitali ya Kajiado haraka, wapimwe kikamilifu. Nikasema wamehamisha mifugo, wako Oltepesi. Akasema sawa, Nzuki ana pikipiki, atawafuata.
Nilipokata simu ndipo nilipoelewa: hao wanne wote ni mimi. Chai ikanishinda.

Jumatano, 12 Machi
Siku mbili Nzuki amezunguka Oltepesi akitafuta watu ambao hawajazaliwa. Nilitegemea atachoka. Mtu huyu hachoki! Anasema hawezi kuacha wanaume wanne wafe.
Mke wangu Rahab ameuliza mbona sili. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akachukua mkoba.
"Vaa viatu, Nalianya. Hao wanaume wanne tunawapeleka leo."
Daktari Lorna alitazama vidole vyangu, kimoja kimoja. Akaandika barua ya kunipeleka hospitali.

Ijumaa, 28 Machi
Majibu. Uvimbe mdogo, haujasambaa, unatibika. Rahab alilia kwenye korido. Mimi pia, kidogo.
Daktari Lorna alisema, "Ungengoja mpaka uumwe, leo tungekuwa tunaongea mengine." Kisha akaninyang'anya kadi zote.
Nzuki ndiye mratibu. Amekuja na ndizi, akashukuru Mungu kwamba nimepatikana. Hata kumchukia sasa ni kazi.

Jumamosi, 29 Machi
Daktari Lorna ameniomba kitu kimoja tu: kesho kanisani nieleze ukweli, kwamba nilipimwa nikiwa mzima, ndiyo maana nitapona. Nimeuandika. Mistari miwili! Nani atasikiliza hiyo? Nimeongeza kwamba nililala siku tatu bila kusema, na jeneza lilikuwa limeshaagizwa. Inasisimua sana.
Tatizo ni Rahab. Anajua ukweli wote, na huketi mbele kabisa. Nitamwomba kesho akae nyuma, mbali na spika.