Gari Linalowaka kwa Raymundi Tu

Jumatatu, 9 Juni

Daftari, nisamehe. Sijakugusa tangu kabla Raymundi hajazaliwa, na sasa ana miezi minane na meno mawili, yote kayajaribia kwangu. Kalamu ilikuwepo. Mikono ndiyo haikuwepo.

Habari kubwa: tuna gari! La Japani, limetumika, lakini linang'aa. Mume wangu Vedasto kaliegesha uani jana, leo alfajiri kapanda basi kwenda Urambo kwenye ununuzi wa tumbaku. Miezi miwili! Kanielekeza huku anatafuta soksi: gari hili halina ufunguo, kanyaga breki, bonyeza kitufe, basi. Kidude cheusi cha plastiki kakiacha mezani, nikitunze. Rimoti ya milango, hiyo.

Kuendesha najua, nilijifunza kwenye pikapu ya parokia. Lakini kaongeza neno. Jumapili Raymundi anabatizwa. Nimfuate mama mkwe kule Ntalikwa, saa tatu awe kanisani. Nikishindwa, gari akalitunze wifi Advera. Advera! Aliyeazima jiko langu la mkaa kwa siku mbili, tangu Pasaka!

Hapana. Nimechoka kwenda kliniki kwa miguu, mtoto mgongoni, ndoo ya maandazi kichwani. Gari halitoki uani huu.

Jumanne, 10 Juni

Limewaka! Raymundi alikuwa analilia meno, nikampa kile kidude atafune, nikakifunga kwenye pindo la mbeleko kisianguke. Kimya. Nikakaa naye kwenye usukani, nikabonyeza. Mngurumo mtamu.

Jioni kaja Advera kuliangalia "gari la kaka". Mtoto amelala ndani. Nikajikalisha kama mkurugenzi, nikabonyeza. Kimya. Taa ikamemeta, basi. Advera kacheka mpaka kashika mlango. Kasema wifi, labda linataka kuombwa. Kaondoka na chupa yangu ya chai.

Jumatano, 11 Juni

Uchunguzi. Bila mtoto: limekataa. Na mtoto: limewaka. Nimevua viatu: limekataa. Nimesali: limekataa. Nikafikiri ni uzito, nikapakata kiroba cha unga: limekataa, na gauni limekuwa jeupe. Na mtoto tena: limewaka!

Basi limempenda Raymundi. Silaumu. Na mimi nimepata mpango.

Alhamisi, 12 Juni

Mtoto nimempeleka kwa jirani Zabibu, na mbeleko yake. Nikamwita Advera, nikamwambia kwa upole achukue gari, ajaribu kuliwasha, mbele ya majirani wote. Kabonyeza mara kumi na moja. Nikamwambia wifi, labda linataka kuombwa. Utamu!

Ndipo Raymundi akalia. Zabibu, na roho yake nzuri, kamleta dirishani amwamkie shangazi. Shangazi kampakata, mbeleko na vyote. Kabonyeza. Gari likaamka kama limeitwa chai.

Wamezunguka mtaa mzima wakipiga honi. Mwanangu karudi anacheka, msaliti. Advera kampigia Vedasto hapo hapo: kaka, mimi naliweza. Vedasto kaniambia nijitahidi. Nijitahidi!

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwita fundi Abbasi. Nikamweleza yote, mpaka kiroba. Kaniomba ufunguo. Nikamwambia halina ufunguo. Kaniomba tena, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kisha akatazama mdomo wa Raymundi.

Kumbe kidude ndicho ufunguo! Gari linakitafuta lenyewe; kikiwa ndani, linawaka. Betri ikichoka, unakigusisha kwenye kitufe ndipo unabonyeza. Ndani yake mna betri ya duara kama sarafu, na Abbasi hapo hakucheka. Kasema dada, mtoto akiimeza hiyo ni hospitali, usimpe tena hata kwa dakika. Nilimkumbatia Raymundi mpaka akanisukuma. Nimempa kijiko cha baridi. Kakitupa. Nimempa tena. Kulia alie, kidude hakipati.

Abbasi kasema na jambo jingine, kuhusu bati, linaziba sijui nini, nisikiweke kwenye bati au nini, sikushika, mtoto alikuwa analia. Kaapa wallahi hatamsimulia mtu. Kicheko kakishikilia mpaka getini.

Jumamosi, 14 Juni

Siri hii Advera asiijue! Nimekiweka kidude ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, mfuniko umebana kweli. Raymundi hafungui. Kopo nimelisukuma chini ya kiti cha dereva. Kiko ndani ya gari muda wote, mwizi wa majiko hajui. Akili kiasi hiki na bado naitwa mama wa nyumbani.

Sikulijaribu. Mtoto alikuwa amelala, nisingemwamsha hata kwa treni.

Jumapili, 15 Juni

Saa moja asubuhi. Nimebonyeza. Hakuna. Nimempakata Raymundi. Hakuna. Nimetoa kopo, nimeligusisha kwenye kitufe kama alivyosema Abbasi. Hakuna! Nikataka kulifungua, nikainua macho: Advera dirishani, kavaa sare ya kwaya, anauliza wifi, hayo maziwa ni ya gari?

Nilifungue mbele yake? Bora nife. Nikasema ndiyo.

Kaita bajaji, kamfuata mama mkwe yeye. Mimi nimefika kanisani kwa miguu, mtoto mgongoni, Injili inasomwa. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Marahaba, mwanangu, kasema, akijipangusa vumbi. Gari lako nasikia linanyonya.

Raymundi kabatizwa. Kamshika padri ndevu. Nimelia kidogo, kwa furaha na kwa mengine.

Jumatatu, 16 Juni

Advera kaja na gari la kuvuta magari mabovu, wamelinyanyua pua, limekwenda kwake. Halijawaka. Halitawaka! Kopo liko uvunguni mwa kitanda changu. Nimeshinda. Kliniki nimekwenda kwa miguu.

Vedasto kapiga, anauliza kidude kiko wapi. Nimesema natafuta. Nimemwandikia anitumie hivi, asipunguze:

betri moja ya duara, maana hii imekufa;

jiko langu la mkaa, amwagize dada yake;

chupa ya chai, dada yake huyo huyo;

kitu cha kutafuna, cha mpira, kisicho na betri;

na kopo jingine la bati, zito, lenye mfuniko unaobana zaidi. Hili nahisi linapitisha hewa, ndiyo maana betri imekufa.