Mashine ya Night ya Kuchagua Hoja

Jumatatu, 2 Machi. Midia.
Binti yangu Night amefika kutoka Arua na kompyuta mgongoni. Tangu darasa la tatu nilisema huyu ana kichwa, walimu wakabisha. Sasa ametengeneza kitu. Anasema kazini kwao mtu huandika amri kwenye kioo cheusi, halafu nyuma yake anaongeza hoja, ndiyo kompyuta inajua ifanye kazi namna gani. Ukikosea herufi moja, inakataa. Mashine ya Night inaonyesha hoja zote kwa Kiswahili, kila moja na kisanduku chake. Unaweka tiki, amri inajiandika yenyewe.

Mengine sikuyasikia. Nilisikia hoja. Jumatano mwenyekiti wa kijiji, Alionzi, anaamua kesi yangu na jirani yangu Paska, aliyesogeza mpaka hatua nne ndani ya karanga zangu. Mdomo ninao. Hoja ndizo zinazonipungukia.

Jumanne, 3 Machi.
Nimetangaza bombani na sokoni kwamba nina mashine. Paska akaniuliza mbele ya watu, Mama Night, tangu lini wewe ukakosa maneno? Nikamjibu, Mama Hakim, angalia vizuri hizo karanga, unaziaga.

Night alipokwenda kumsalimia shangazi yake, nikafungua kompyuta. Visanduku kumi na kimoja. Nimeweka tiki vyote. Nimejaza fomu nyingi mimi, za mbegu, za chandarua, za mbuzi. Anayeacha kisanduku wazi anarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha nikanakili kila neno kwenye daftari.

Jumatano, 4 Machi.
Kesi. Kitenge kipya. Nikasoma kwa sauti. Hoja ya kwanza: lazimisha. Watu wakaguna, nikajua imeingia. Ya pili: fanya kimya kimya. Ya tatu: toa maelezo yote. Alionzi akanikatiza. Mama Night, utanyamaza ama utaeleza? Nikasema vyote viwili. Ya nne: futa cha zamani bila kuuliza.

Hapo Paska akasimama. Mwenyekiti amesikia mwenyewe, akasema, nani hapa iko na tabia ya kufuta mipaka.

Nikaendelea mpaka chini kabisa, palipokuwa na maandishi mekundu. Nayo nilikuwa nimeyanakili. Nikayasoma: hoja hizi zinapingana.

Alionzi akafunga kitabu. Amesema hata mashine ya mtoto wangu imeniona. Hatua nne kwa Paska, na karanga zake.

Alhamisi, 5 Machi.
Night amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akanikumbatia. Anasema hoja zake ni za kuielekeza kompyuta inaponakili picha na mafaili, si za kwa mwenyekiti. Kwa mfano, ile ya “jaribio tu”: ukiichagua, kompyuta inakuonyesha itakachofanya, lakini haifanyi chochote.

Nikamuuliza kama hiyo niliiwekea tiki. Akasema, Mama, uliweka tiki zote.

Mbio kwa Alionzi. Nimemweleza kwamba kesi ya jana ilikuwa jaribio tu, tiki ipo. Akaniuliza kama vigingi alivyopiga ardhini asubuhi navyo ni jaribio.

Sawa. Lakini yeye alihitaji nusu saa kujua hoja zangu zinapingana. Mashine ya Night ilijua papo hapo.

Jumamosi, 7 Machi.
Night amerudi Arua. Ameniachia kompyuta yake ya zamani, nijifunze kunakili picha za familia.

Mchana akaja Paska na beseni la karanga. Karanga zangu, za hatua zangu nne, ananiletea zawadi. Nimekula. Tamu sana. Akazungukazunguka na habari za mvua, mwisho akasema shemeji yake anataka kumnyang'anya kibanda cha Koboko mjini. Kesi ni Jumanne. Akauliza kwa sauti ndogo, ile mashine bado iko?

Nimemvutia kiti. Tumeweka tiki vyote kumi na kimoja. Yale maandishi mekundu yakatokea tena, nikayafunika kwa kiganja mpaka Paska akamaliza kunakili. Kilichoniangusha mimi ni kuyasoma.