Makalio ya Wombati wa Neasden

Jumapili, 4 Machi 2012

Nimepata njia ya kwenda Australia na Adelina! Adelina ni nesi, kwao Songea, nampenda tangu Krismasi. Yeye hajui. Anachopenda yeye ni wombati: mnyama wa Australia, mnene kama gunia la viazi, anaishi shimoni na hubeba mtoto mfukoni kama kangaruu. Leo baada ya ibada hapa Neasden, London, ametangaza kuwa kikundi chake kinakwenda Tasmania, kisiwa cha huko Australia, kutibu wombati wenye upele. Nafasi imebaki moja. Jumamosi ukumbini atamchagua anayewajua zaidi.

Ulimboka akanyoosha mkono. Ni mhasibu wa Stanmore, anakimbia kila asubuhi na anapenda watu wajue. Nikanyoosha miwili. Nikasema nimewasoma wombati miaka mingi, hasa mayai yao. Adelina akaniangalia kwa huruma. Mapenzi huanza hivyo.

Jumanne, 6 Machi

Hawatagi. Nimesoma. Mavi yao yana pembe kama dadu, wanayaweka juu ya mawe kuwaarifu majirani. Adui akija, wombati huingia shimoni kichwa kwanza na kuziba mlango kwa makalio, magumu kama ubao. Mnyama mwenye akili.

Mpango: sitahutubu. Nitakuwa wombati.

Nimemwendea mwenye nyumba wangu, Mzee Chandrakant, mzaliwa wa Mwanza, muuza mazulia. Nimeomba zulia la kahawia liwe ngozi, na pipa lake lililokatwa kitako liwe shimo. Akauliza nina tatizo gani. Nikamwambia mapenzi. Akanipa pipa na zulia lenye doa la chai, akasema kwa ugonjwa huo hadai kitu.

Alhamisi, 8 Machi

Nimeshona. Mfuko umekaa vizuri tumboni, mdomo juu. Mtoto ni soksi. Mavi ni kashata, nimezikata mraba kwa uangalifu mkubwa.

Ulimboka amepiga simu, eti ameandaa slaidi. Slaidi! Nimecheka baada ya kukata simu.

Nikivaa zulia sipiti mlango wa jikoni. Mzee Chandrakant anashauri nilipunguze. Nimekataa.

Jumamosi, 10 Machi

Ukumbi ulijaa. Ulimboka alieleza kuwa upele huletwa na utitiri. Wombati hunyonyoka manyoya, hupofuka, hufa polepole. Watu wa kujitolea hutundika kilango chepesi chenye dawa kwenye shimo, mnyama akipita inammwagikia mgongoni. Watu waliguna kwa huzuni. Adelina alifuta machozi.

Hapo nikaingia kwa miguu minne.

Mtoto mmoja akasema kwa Kiingereza kuwa mfuko umegeuzwa. Kumbe mdomo wake hutazama nyuma, ili mama akichimba mchanga usimwingie mtoto. Ukurasa huo niliuruka. Nikamwaga kashata. Watoto wakazila. Wazazi, waliokuwa wametoka kuelezwa na Ulimboka habari za mavi ya dadu, wakapiga mayowe. Ulimboka akaja kunitoa. Nikamhesabu adui, nikajitupa pipani kichwa kwanza.

Nikakwama.

Kutoka gizani nilimsikia Adelina akiwaambia watu kwa utulivu, "Tazameni, hivi ndivyo wombati anavyoziba shimo lake." Makofi! Kisha watoto wakapanga foleni kuyagonga makalio yangu. Mmoja alirudi mara ya pili.

Ulimboka alinishika miguu, Mzee Chandrakant akalipasua pipa kwa kisu cha mazulia. Nilipotoka, nafasi ilikuwa ya Ulimboka. Adelina aliniletea maji, akaketi karibu yangu sakafuni.

"Kaka Evodius," akasema, "kwa nini hukuniambia tu kwamba hujui? Ningekufundisha."

Nikayanywa maji yote. Niliona haya kuliko nilipokuwa pipani.

Jumapili, 11 Machi

Adelina amenifuata baada ya ibada. Anasema wakati yeye yuko Tasmania, kikundi kitawahesabu karunguyeye kwenye bustani za hapa London, wale wanyama wadogo wa miiba. Wanapungua, na wanahitaji watu wa kujifunza polepole. Akauliza kama nawajua.

Neno lilikuwa moja tu, sijui. Nilifungua mdomo kabisa kulisema.

Nikasema nimewafuga tangu utotoni, na kwamba wananijua kwa sauti.

Mzee Chandrakant ana kapeti moja la kijivu. Kesho nanunua vijiti vya kuchokolea meno. Vingi.