Kamera Iliyotazama Bahari

Jumatatu, 6 Julai 2020. Changsha.
Mwisho ni Ijumaa. Yining, binti yangu wa pekee, achague: Hongkong, hapa jirani tu, au Uskoti, mwisho wa dunia. Vyuo vyote viwili vimemkubali. Mimi nataka Hongkong. Sitasema. Nitatumia sayansi!

Jumanne, 7 Julai.
Mtandaoni kuna kamera za mitaani. Dunia nzima, papo kwa papo, bure! Nimeduwaa. Nikatangaza kwamba wakati huu wa korona nchi salama ni ile inayovaa barakoa. Hongkong: watu mia, barakoa mia. Shemeji Guangyao, mdogo wa mke wangu, mjuzi wa kila kitu tangu alale London siku tatu, akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba sasa nimeajiriwa kulinda barabara za watu. Waliocheka ni kumi na mmoja. Nawajua wote.

Jumatano, 8 Julai.
Mpango kabambe. Mji wa kile chuo cha Uskoti una kamera moja. Nitamwonyesha Yining upweke wa mji huo. Nimeifungua kwanza mwenyewe, kujiandaa. Kwao asubuhi, kwetu mchana. Hakuna mtu. Bahari tu. Nina miaka hamsini na miwili, sijawahi kuiona bahari. Inakuja, inarudi, haichoki! Tambi zangu zimepoa, sikujali.

Alhamisi, 9 Julai.
Nimemwita. Nikamwambia atazame, hata kibanda cha tambi hakuna. Mawingu yakafunguka wakati huohuo. Usaliti! Maji yote yakang'aa. Mbwa akapita, bila barakoa. Nilitaka kulisema hilo, nikasahau. Mke wangu alileta tikitimaji, akabaki amesimama nalo. Hatukusema neno, sijui kwa muda gani.
Kisha Yining akasema taratibu, "Baba, tangu Januari humu ndani hatujanyamaza hivi bila kuogopa."
Nikaenda kukata tikitimaji.

Ijumaa, 10 Julai.
Amechagua Uskoti. Guangyao amenishukuru mbele ya ukoo mzima kwa kumshawishi mtoto. Nimelia jikoni. Nikasingizia pilipili.

Jumatatu, 13 Julai.
Chuo kimeandika: muhula wa kwanza atasoma akiwa nyumbani, safari ni Januari. Kumbe nina miezi sita! Nimechunguza. Desemba bahari ya kule huchafuka, mawimbi yanapanda juu kuliko nyumba, yanaruka hadi barabarani. Yanatisha mno. Nitamwita aje aone. Akishaona hayo, haendi popote.