Dawa ya Kuwashwa ya Leonida

Jumatatu, 9 Agosti 1982

Nimeamua. Germana nitamposa kabla maharage hayajaisha kupurwa. Nikizubaa atachukuliwa na Josephati, yule mpishi wa hoteli ya watalii kule kreta, anayekuja kwa Mzee Hhando na mkate mweupe kwapani. Mkate! Mwaka huu ambao hata sabuni tunaisikia redioni tu! Mimi nina jembe na sauti ya besi kanisani.

Kikwazo ni Leonida. Miaka sita, mtoto wa kaka yake Germana, analelewa hapo kwa babu yake. Mzee Hhando kapiga marufuku binti yake kuongea na mwanamume bila Leonida kukaa katikati. Na mtoto huyo hasahau kitu. Kila jioni anamtolea babu yake taarifa ya habari. Juzi alitangaza kwamba soksi zangu hazifanani. Ni kweli hazikufanana, lakini hiyo nayo ni habari?

Jumanne, 10 Agosti

Bahati yangu! Vumbi la maharage limempata Leonida. Chafya, macho mekundu, anajikuna mwili mzima. Nikajitolea haraka kumpeleka zahanati ya Karatu kwa baiskeli. Mzee akanisifu. Nesi Bernadina akasema ni mzio, akatupa chupa ya dawa ya maji. Kijiko kidogo asubuhi, kijiko kidogo jioni, na tusishangae, maana huleta usingizi.

Usingizi! Nesi aliendelea kueleza mengine, tena kwa kirefu, lakini mimi nilikuwa nimeshafika harusini.

Alhamisi, 12 Agosti

Naandika kichwa kikiwa kizito. Jana nilifika kwa Mzee Hhando saa ya dawa ya jioni. Shati limepigwa pasi. Maneno nimeyakariri njiani. Germana akajaza kijiko, Leonida akafumba mdomo. Akasema kwao anayeleta kinywaji huonja kwanza.

Hiyo ni desturi ya pombe, jamani! Mletaji hupiga funda mbele ya watu waone hakutia kitu. Nikamwangalia Mzee anitetee. Akacheka mpaka akakohoa, akasema mtoto ana haki, si mimi niliyeileta? Nikaonja. Leonida akasema sikumeza. Nikapiga funda. Akasema babu yake hupiga funda kubwa. Nikapiga kubwa. Ndipo naye akanywa kijiko chake, hata uso hakukunja.

Nakumbuka nilisema, “Germana, kuna jambo.” Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nimeamshwa na jogoo juu ya magunia ya maharage, ulimi umegandia kwenye kaakaa. Na Leonida? Hakusinzia hata kidogo. Aliimba nyimbo zote za kwaya, akafukuzana na mbuzi, akarudi kunipanga maharage usoni. Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa na moja limenasa kwenye nyusi. Aibu tupu.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimekwenda kumlalamikia nesi. Akaniuliza kwani Jumanne nilikuwa nasikiliza nini. Alishasema: watoto wengi dawa hii huwalaza, lakini wapo inaowachangamsha kupita kiasi. Ukiona hivyo, unaiacha na kumrudisha mtoto. Ujumbe nimeufikisha. Germana amemrudisha Leonida leo hii hii, naye kapewa dawa ya kupaka. Chupa waliisahau nyumbani, nikakabidhiwa mimi niirudishe zahanati.

Bado sijairudisha. Nafikiri.

Dawa imemchangamsha mtoto. Mimi juzi nilikuwa nimechoka kwa baiskeli, ndiyo maana nililala. Jumapili tunakwenda kuposa na mjomba Yohani. Nikijaribu maneno yangu mbele ya kuku, nayasahau katikati. Ninachohitaji ni kuchangamka! Nashangaa nesi hakuliona hilo.

Jumatatu, 16 Agosti

Jana, sikukuu ya Kupalizwa Maria. Nilimeza vijiko vitatu kabla ya kutoka nyumbani. Kisha, kwa kuwa pombe ya asali ndiyo tuliyoileta, nikaonja nayo. Funda kubwa. Leonida alinisimamia.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mjomba. Mzee Hhando aliketi sawasawa, akauliza swali lenyewe: “Bartolomeo, binti yangu utamtunza vipi?”

Mjomba anasema nilijibu kwa kukoroma, kichwa kwenye bega la Mzee. Josephati alikuwapo. Na mkate wake. Baada ya kunisimulia hayo, mjomba haongei tena na mimi.

Nimelia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 18 Agosti

Mzee hakukataa! Amesema uamuzi anamwachia Leonida, kwa kuwa mara zote mbili ndiye aliyekuwa macho kuliko mchumba. Nikaenda mpaka uani kwao, nimeinamisha kichwa. Germana alikuwa anapepeta maharage, Leonida kashika kanga yake.

“Ulikuwa unahangaika na nini, Bartolomeo?” Germana akaniambia. “Ungeniuliza tu, mtoto akiwa hapa hapa. Jibu ninalo tangu Pasaka.”

Nikauliza jibu gani. Akasema nije Jumapili, niwe macho, niulize. Leonida akaongeza kwamba Josephati hachekeshi, mimi angalau nikilala nachekesha. Halafu wakacheka wote wawili, na Germana alivyocheka moyo wangu ukanienda mbio.

Nije tu, niulize? Mbele ya mtoto? Rahisi hivyo? Sina imani na mambo rahisi. Na Mzee je, akigeuza mawazo dakika ya mwisho?

Ila leo nimeona kitu. Vumbi limempata Mzee naye. Anapiga chafya, macho yanamtoka machozi, anajikuna shingo. Mzee aliyesinzia hawezi kukataa posa ya mtu.

Chupa bado ninayo. Jumapili nitampelekea. Najua ataniambia nianze mimi, lakini safari hii nitaonja kidogo tu.