Bawabu wa Mkurugenzi wa Utulivu

"Wakazi wote wa seli hii, iliyopo katika msuli wa moyo, mnatangaziwa kwamba kuanzia sasa cheche ni marufuku!"

Tangazo lilitoka Kiini, makao makuu ya seli, na lilisomwa na Mkurugenzi wa Utulivu mwenyewe, mtu mwenye shingo fupi na sentensi ndefu. Aliendelea kusoma mpaka wasikilizaji wakasahau alianzia wapi, jambo lililomridhisha sana.

Tueleweshane mapema. Ndani ya seli kuna matanuri yaitwayo mitokondria. Yanachoma chakula kwa oksijeni, yanatoa nguvu, moyo unadunda. Na penye tanuri pana cheche: oksijeni iliyopandwa na wazimu, inayorukaruka na kuunguza chochote inachokigusa. Zikizidi, kuta zinaharibika na seli inaugua. Zikiwa chache, Kiini kinanusa harufu ya kuungua, kinaleta wazimamoto, maisha yanaendelea. Ndivyo walivyoishi miaka yote, bila kamati.

"Bila kamati?" Mkurugenzi alishika kichwa. "Mliwezaje?"

"Tuliweza tu, mwanangu," alijibu Mama Mkubwa, msimamizi wa tanuri kongwe kuliko yote. Kwenye matanuri wote ni ndugu wa upande wa mama, maana mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Ukiulizia baba wanakutazama kama umeulizia njia ya kwenda mwezini.

"Mimi si mwanao. Mimi ni wa Kiini."

"Haya, mtoto wa watu. Nikipunguza moto, huyu mwenye moyo akipanda ngazi atapandia nini?"

"Atapandia utulivu."

Mkurugenzi alikuwa na sababu zake. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na kingepewa atakayeonyesha utulivu usio na mfano. Basi akajichagulia tanuri moja zuri, akalipooza hadi likanyamaza, akaligeuza kuwa Ofisi ya Mfano. Akatandika zulia.

Usiku haukupita vizuri kwa majirani. Wao wana desturi: mmoja akielemewa, ukuta wa kati unabomolewa, wanaungana, wanagawana uzima na ugonjwa mpaka mgonjwa apate nafuu. Mama Mkubwa akagonga ukuta.

"Mkurugenzi, kwako kumepoa kama kaburini! Tuungane nikupe joto kidogo."

"Nichanganyike na masizi? Mama, hapa kuna zulia."

Sasa tuje kwenye mabawabu. Kila tanuri huletewa bawabu. Tanuri likiwa na moto, mlango wake una mvuto: bawabu akifika tu anafyonzwa ndani, na hasikiki tena. Tanuri likipoa, mvuto hakuna. Bawabu anabaki nje, anawaita Wazoaji, nao wanalibeba tanuri zima likasagwe. Utaratibu huo ni wa zamani. Mkurugenzi aliuboresha kwa kanuni yake mwenyewe: *Penye bawabu aliyesimama, jengo liondolewe bila majadiliano na aliyemo.* Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa wino mwekundu, akimfikiria Mama Mkubwa.

Asubuhi alimkuta bawabu mlangoni kwake, amekakamaa.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hatimaye wamekumbuka itifaki!"

"Nimejaribu kuingia, mkuu, sivutwi."

"Usiingie! Simama hapohapo uonekane. Ita na wenzako."

"Nimeshawaita, mkuu. Wako njiani."

Mchana mlango ulijaa mabawabu. Mkurugenzi akachungulia kwa jirani.

"Mama Mkubwa, kwako yupo hata mmoja?"

"Kwangu wanamezwa wakifika tu."

"Ndiyo tofauti ya ofisi na jiko."

Hapo mwenye moyo akaanza kupanda ngazi. Sakafu ikatikisika. Matanuri yakanguruma, cheche zikaruka, wazimamoto wakakimbia huku na huku wakitukanana kwa upendo. Kwenye Ofisi ya Mfano hapakutoka nguvu hata ya kuwasha kibiriti. Wakatokea Wazoaji, wakaanza kulizungushia jengo utando mpana.

"Hilo pazia ni la uzinduzi?" aliuliza Mkurugenzi.

"La kubebea, mkuu."

"Mnajua mimi ni nani?"

"Tunajua. Wewe ndiye uliyemo. Na aliyemo hatujadiliani naye."

"Upuuzi! Nani kaandika hayo?"

Wazoaji wakatazamana. "Wewe, mkuu. Tena kwa wino mwekundu."

Mkurugenzi akaurukia ukuta, akaupiga kwa ngumi zote mbili. "Mama Mkubwa! Mama! Mimi mwanao! Tuungane!"

Sauti ikapenya, ya upole kabisa: "Ningependa, mwanangu. Tatizo ni haya masizi yangu. Na wewe una zulia."

Seli haitupi kitu. Kabla mwenye moyo hajafika ghorofa ya juu, Mkurugenzi alishasagwa, na vilivyofaa vikapelekwa kwa Mama Mkubwa, akavitupia motoni. Moto ukawaka vizuri. Makao makuu yalitoa taarifa ya kumpongeza marehemu kwa mchango wake katika uzalishaji wa nguvu, na kwa mara ya kwanza taarifa ya Kiini ilikuwa kweli tupu.